Chungu Kisicholishwa

Midomo yangu ilianza kuvimba katikati ya Baba Yetu. Ilikuwa jioni ya ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu, kule Iyolwa, na mchana tulikuwa tumekula nyama ya ng'ombe kama watu wote walavyo penye ubatizo. Kwanza viganja viliniwasha, nikadhani ni zile nyasi tulizokata kwa ajili ya paa. Kisha masikio yakawaka moto. Tulipofika "utusamehe makosa yetu," ulimi ulikuwa umejaa kinywani na sikuweza kutamka neno. Mama mkwe wangu, aliyepiga magoti kando yangu, aligeuka aone ni mkwe gani huyu anayenyamaza penye kuomba msamaha. Alipoona uso wangu alipiga ukelele, katekista akaangusha kitabu.

Waliniletea kioo. Laiti wasingeniletea. Macho yalikuwa yamebaki mistari miwili, mashavu yamefura, kidevu kimeungana na shingo. Kwenye kile kioo nilimwona mwanamke mgeni, mnene, mwenye hasira, nusura nimwamkie.

Naitwa Nafula, Msamia wa Buteba. Wakati huo nilikuwa nimeolewa msimu mmoja tu wa pamba, na mume wangu Owori, Mpadhola wa Iyolwa, alifanya kazi ya reli pale Tororo. Alikuja nyumbani Jumamosi na kurudi kazini Jumapili. Siku nyingine zote nilikaa na mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Min Owori, yaani mama yake Owori. Naandika haya kwa sababu ugonjwa umepungua sasa, na kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani ameketi kwenye benchi la hospitali, amejifunika uso kwa leso, akidhani ni yeye peke yake duniani ambaye chakula cha watu kimemkataa. Si peke yako. Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi, kwa sababu hata mimi hakuna aliyewahi kunieleza. Nitakueleza nilichokula asubuhi.

Hospitali ya Tororo nilipelekwa nyuma ya baiskeli ya Owori, nimemshika kiuno kwa mikono iliyokataa kukunja vidole. Nilipoketi kwenye benchi la kusubiri, benchi zima lilisogea. Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake macho kwa kiganja. Ukutani walikuwa wametundika picha ya Malkia mpya, na ile ya baba yake marehemu ilikuwa imeegemezwa chini, pembeni ya ndoo, bado haijapata pa kwenda. Nilikaa siku nzima nikimtazama yule mfalme aliyewekwa sakafuni. Yeye peke yake hakusogea mbali nami.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye mikono baridi. Maneno yake yalipitia kwa dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, kijana wa Kiteso aliyependa kazi yake.

"Mama, daktari nasema acha nyama."

"Nimesikia."

"Acha maziwa."

"Maziwa?"

"Na samli. Na kuku. Na mayai."

Hapo nilicheka, ingawa kucheka kuliniuma midomo. Kwetu siku zile mwanamke hali kuku wala yai. Tunawapikia wanaume na kubaki na harufu. Nikafikiri, kama ugonjwa wenyewe ni huu, nusu ya dawa nilishameza tangu utotoni.

"Na samaki," akasema dresa.

Kicheko kilikatika. "Mwambie mimi ni Msamia. Sisi tunaishi kwa samaki."

"Nitamwambia nini? Yeye hapana jua Msamia."

"Basi muulize kumbikumbi."

Dresa alimweleza daktari kumbikumbi kwa kupunga vidole kama mbawa. Daktari alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri juu ya ng'ombe. Kisha akatikisa kichwa: kumbikumbi pia. Chochote kilichowahi kutembea, kuogelea au kuruka, na chochote kilichotoka ndani yake. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka atakaponiambia mwenyewe. Alihamishwa kwenda kwingine kabla hajaniambia, na mpaka leo nangoja.

Akaniandikia sindano za kila Alhamisi. Tangu hapo sikuhesabu tena siku kwa Jumapili. Nilihesabu kwa sindano, na kwa upande gani wa makalio ulikuwa na zamu.

Sasa lazima nikueleze jambo moja la kwetu, la sivyo hutaelewa yaliyonipata. Kwa watu wa mume wangu, bibi arusi hana jiko. Anapika katika jiko la mama mkwe, kwa vyungu vya mama mkwe, mpaka azae mtoto wa kwanza. Ndipo anawekewa mafiga yake matatu na kukabidhiwa chungu chake, na siku hiyo anaitwa mwenye jiko. Mimi sikuwa nimezaa. Kila tonge nililokula lilitoka katika vyungu vya Min Owori.

Naye alikuwa mwanamke mwema, naomba uliweke hilo moyoni tangu sasa. Mimi sikujua Kipadhola vizuri na yeye hakujua Kisamia hata kidogo, kwa hiyo lugha yetu ilikuwa Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Nilipomweleza maneno ya daktari alikaa chini taratibu.

"Maziwa hapana?"

"Hapana, Mama."

"Samli hapana?"

"Hapana."

"Sasa wewe nakula nini? Udongo?"

Katika boma lenye ng'ombe, hiyo ilikuwa aibu kama ya kuambiwa mkwe wako amekataa kulala ndani. Lakini alikubali. Alinipikia uji wa wimbi mtupu, kunde zilizochemshwa kwa maji na karanga za kusagwa, ugali wa wimbi. Nyama akaipika mbali, kwenye jiko la nje. Nilimwona kwa macho yangu akinawa mikono kabla ya kugusa chakula changu.

Na bado nilivimba.

Si kila siku, na si kama siku ile ya ubatizo. Lakini wiki haikupita bila mabaka mekundu mgongoni, bila jicho moja kufumba lenyewe, bila tumbo kunikata nikajikunja kando ya ukuta. Nikaanza kuogopa chakula. Uji ukiletwa nilitetemeka. Nilikonda mpaka gauni la harusi likanizunguka mara mbili, kisha mkono ukavimba ghafla mpaka bangili niliyopewa na bibi yangu ikazama kwenye nyama. Owori aliikata kwa tupa ya reli, polepole, jasho likimtoka. Ilipokatika alilia machozi. Hayo machozi yalinishtua kuliko bangili. Nilikuwa nimelelewa nikiamini kwamba mwanamume wa Kipadhola halii labda afukizwe na moshi.

Jamani, hebu niambie. Unaacha kila kitu ulichoambiwa uache, na ugonjwa hauachi. Utafikiri nini?

Siku za sindano Owori aliomba ruhusa kazini akaja kunichukua, tukatoka Iyolwa alfajiri bila kula, na benchi la Tororo halikuwa na huruma na tumbo tupu. Wakati ule mwanamke mwenye heshima hakukaa hotelini. Hoteli zilikuwa za madereva, za makarani, na za wanawake ambao majina yao hayakutajwa mbele ya watoto. Min Owori alikuwa ameniambia wazi: "Wewe naingia hoteli, mimi nasikia, mimi nakufa kwa aibu." Lakini njaa haina adabu. Alhamisi moja Owori alinishika mkono akaniingiza katika duka la Mhindi mmoja muuza mithai, vile vitamu vya Kihindi, mzee mfupi ambaye watu wote walimwita Bhai.

"Hapa hakuna nyama kabisa," Owori akaninong'oneza. "Hawa hawali. Hata yai hawagusi."

Nilimuuliza Bhai mwenyewe, kwa sababu tayari nilikuwa nimekuwa mtu wa kuuliza.

"Nyama hapana iko!" akasema, na nikaona nimemtukana. "Samaki hapana, yayi hapana. Hapa yote safi, mama. Kula tu."

Akaniletea laddu mbili za manjano na jalebi zinazong'aa shira. Sijawahi kuonja kitu kama kile. Laddu ilivunjika ulimini kama mchanga mtamu, na jalebi ikanidondokea kidevuni, nikailamba mbele ya watu bila kuona haya. Kwa mara ya kwanza tangu ubatizo nilikula bila kuogopa. Nikaomba ya tatu.

Mchana, kwenye benchi, chini ya Malkia, koo lilianza kuziba.

Wema wa Mungu ulikuwa huu tu, kwamba niliumwa mahali penye sindano. Nilimwona daktari akikimbia, na kama hujawahi kumwona Mzungu akikimbia kwa ajili yako, nakwambia hapo ndipo utajua umekwisha. Nilijua nakufa. Nilikumbuka kwamba sijamaliza kupalilia kunde. Kisha pumzi ikarudi, nyembamba, ikipiga filimbi.

Alhamisi iliyofuata Bhai alikuja mwenyewe hospitalini, amevaa kofia yake, akasimama mbele ya benchi kama mshtakiwa.

"Mama, mimi nasikia wewe karibu kufa."

"Uliniambia hakuna nyama."

"Hapana iko nyama! Mimi hapana danganya. Iko samli tu, na maziwa kidogo." Alishika kifua. "Samli si nyama, mama. Samli safi kuliko maji. Sisi napa Mungu samli!"

Nilimtazama, naye akanitazama, sote tumepigwa na butwaa. Kwake yeye, kitu kilichokuwa kikiniua kilikuwa ndicho kitu kisafi kuliko vyote dukani. Hakuwa mwongo. Aliniachia karatasi ya dengu zilizokaangwa kwenye mchanga wa moto, bila tone la chochote, na kila Alhamisi baada ya hapo aliniwekea. Zilikuwa ngumu kama changarawe na nilizipenda.

Baada ya mavuno ya wimbi daktari alisema nibadilishe mahali, nipumzike. Owori akanipeleka Busia kwa kaka yangu Wandera, fundi baiskeli asiye na mke, ambaye maisha yake yote alikula hotelini kwa sababu hakujua kuwasha moto. Nyumbani kwake hapakuwa na chungu hata kimoja. Basi na mimi nikala hotelini. Mungu anisamehe, na Min Owori asisikie.

Tulizijaribu hoteli za Busia moja baada ya nyingine, upande huu wa Uganda na upande ule wa Kenya; siku hizo ulivuka ukiwa na kikombe mkononi. Nilikuwa mgonjwa msumbufu. Hoteli moja ilikuwa na maharage mazuri mpaka nilipokuta kipande cha mafuta ya ng'ombe chini ya bakuli. Nyingine waliniletea turungi, yaani chai isiyo na maziwa, lakini waliichemsha katika birika lile lile la maziwa, na nilipochungulia ndani mwenyewe akaniuliza kama mimi ni mkaguzi wa serikali. Wanaume walinitazama. Mmoja alimuuliza Wandera kama huyu ni mke wake wa njiani.

Tukaishia kwa Bi Zaituni, Mwislamu mzaliwa wa Mumias, mjane mnene mwenye sauti ya muadhini. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Hakucheka wala hakunihurumia.

"Mwanangu, mimi sina ng'ombe, na samli siwezi kununua," akasema. "Maandazi yangu naumua kwa hamira na maji. Nakaanga kwa mafuta ya pamba. Sufuria hii ni ya chai ya rangi tu, haijaonja maziwa tangu nilipoitoa dukani. Njoo uione."

Akaniinamishia. Ndani ilikuwa nyeupe, imesuguliwa kwa mchanga na majivu.

Basi nyuma ya pazia la Bi Zaituni nilifungua kinywa kila asubuhi, na nikajua maana ya neno hilo, maana kinywa changu kilikuwa kimefungwa kwa hofu muda mrefu. Muhogo wa kuchemsha na chumvi na pilipili. Viazi vitamu vilivyookwa kwenye majivu, ambavyo utamu wake hutoka kama asali pembeni ya ganda. Maandazi ya moto yenye iliki. Siku za soko, kaimati zilizozamishwa katika shira, na kashata za simsim ambazo nilizila mpaka meno yakauma. Nilikula nikingoja kuvimba. Nikangoja adhuhuri, nikangoja jioni. Hakuna kilichokuja. Wiki ikapita, na nyingine. Ngozi ikarudi kuwa ngozi. Nywele zikaota tena juu ya paji. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha Wandera nikashtuka, safari hii kwa sababu nilimtambua yule mwanamke.

Lakini Wandera naye alikuwa akitazama, na kichwa chake hakikutulia.

"Nafula," akaniambia huku akiziba pancha, "huko unavimba. Hapa huvimbi. Huko nani anakupikia?"

Nikamsogezea gundi.

"Nani?"

"Mama."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na akapiga nyundo chini. "Huyo mama hakutaki. Wewe ni Msamia, hujazaa, anakutoa polepole. Ukivimba tena mara moja tu, nakuja kukuchukua, na ng'ombe wao wa mahari watarudi."

Nilimwambia anyamaze. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki. Njiani kurudi Iyolwa, nyuma ya baiskeli, nilimshika Owori kiuno na kuwaza: na kama ni kweli?

Min Owori alinipokea kwa vigelegele. Alinigeuza huku na huku, akanibonyeza mashavu, akamwita jirani aje aone. Alikuwa amepika kunde kwa karanga. Nilikula. Jua lilikuwa bado halijatua nilipoanguka.

Ile ilikuwa mbaya kuliko zote. Sikumbuki safari ya zahanati. Nakumbuka tu sauti ya Owori ikisema jina langu, na sindano, na kutapika. Habari zilifika Busia kabla sijaweza kusimama, na Wandera akaja pamoja na baba yetu mdogo. Waliketi uani bila kukubali maji. Wandera alisema maneno yake waziwazi, mbele ya majirani: kwamba mkwe wa nyumba hii analishwa sumu au uchawi, na kwamba Jumapili atakuja kunichukua.

Min Owori hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Mimi?" Akaketi pale pale mavumbini, miguu mbele kama mtoto. Owori alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na nikaona hajui atazame wapi.

Walipoondoka nilimfuata Min Owori jikoni. Mimi siwezi kukaa na neno tumboni. Linavimba kuliko uso.

"Mama, unaniwekea kitu?"

Alikuwa akichochea moto. Hakugeuka.

"Mimi nazika watoto watatu, Nafula. Wewe nafikiri mimi nataka kuzika wa nne?"

Nilitaka kumwamini kwa moyo wangu wote na bado koo langu lilikuwa linawasha. Akasukuma ukuni mmoja motoni. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Jumapili, kabla kaka yako nakuja, mimi nakupa jiko yako."

"Mama, sijazaa."

"Mimi najua wewe hapana zaa. Mimi ndiyo mwenye jiko. Nakupa mafiga, nakupa chungu mpya. Wewe napika mwenyewe, nakula mwenyewe. Wewe navimba, basi si mimi."

Kijiji kilishtuka. Shangazi mmoja wa Owori alikuja kumwambia kwamba anazitupa mila, na kwamba nyumba itakosa mtoto. Min Owori alimpa kigoda na hakumjibu. Ijumaa alitembea mpaka Nabuyoga kwa mfinyanzi anayemwamini, akarudi jioni na chungu kichwani, chekundu, kizuri, chenye mistari shingoni. Nilipokiona nililia. Hakuna mwanamke wa pale aliyepewa chungu kama kile kabla ya kuzaa. Alikuwa ameweka jina lake lote ndani yake.

Jumapili asubuhi nilikwenda kisimani kuoga, nikavaa gauni la harusi, ingawa lilikuwa likinizunguka. Nikarudi nikipitia nyuma ya jiko. Min Owori alikuwa amekaa chini, chungu changu kipya kati ya magoti yake, kimepashwa moto. Alikuwa anaimba kwa sauti ndogo. Mkono wake ulikuwa ndani ya chungu mpaka kwenye kiwiko, ukizunguka, ukizunguka, na ulipotoka ulikuwa unang'aa.

Kando yake palikuwa na kibuyu cha samli.

"Mama! Unafanya nini?"

Alinitazama kwa tabasamu. "Nalisha chungu."

"Unalisha?"

"Chungu mpya nakuja na njaa. Kama wewe hapana lisha yeye, yeye nakula chakula ya mtu, napasuka. Nani alikufundisha? Kwenu hapana lisha?" Kwetu tuliziba chungu kipya kwa uji wa muhogo, lakini hilo sikumwambia. Akaendelea, kwa fahari, "Hii nalisha samli ya kwanza, ile nzuri. Kwa sababu ni yako."

"Na vile vingine, Mama? Vya jikoni?"

"Vyote. Kila vikikauka nalisha. Jana nalisha ile ya kunde."

Ile ya kunde.

Ndipo uji wote, kunde zote, kila asubuhi niliyotetemeka mbele ya kibakuli, vikanijia kwa pamoja. Hakuwa ameweka kitu katika chakula. Alikuwa ameweka katika chungu, kama mama yake alivyofanya, na bibi yake, na chungu kilikunywa samli usiku na kunirudishia mimi mchana katika maji ya moto. Sufuria ya Bi Zaituni haikunywa kitu. Ndiyo tofauti yote. Wewe uliye kwenye benchi, nisikilize: ukishamaliza kuuliza kuna nini ndani ya chakula, uliza chungu kilikula nini.

Nilinyoosha kidole tu, kwa mkono wake, kwa kibuyu, kisha kwa koo langu.

Niliona maana ikimfikia. Ilimfikia polepole. Aliutazama mkono wake unaong'aa kama mkono wa mtu mwingine. Akautazama mlango wa jiko, vyungu vyote vilivyopangwa pale, vilivyoshiba. Akasema kwa Kipadhola neno ambalo sikulijua, na hakuna aliyewahi kunitafsiria. Kisha akainuka, akakinyanyua chungu changu juu ya kichwa kwa mikono miwili, na kukipiga chini.

Katika boma lile, kama kwetu, chungu cha jikoni huvunjwa kwa makusudi siku moja tu, siku mwenye jiko amekufa. Wandera alikuwa ndio anaingia langoni. Alisikia mlio, akaona vigae, akamwona mama mkwe wangu amesimama juu ya vigae hivyo akilia kwa sauti, akadhani nimekufa, akaanguka kwa magoti akilitaja jina langu. Nilitoka nyuma ya jiko nikiwa na gauni la harusi. Kaka yangu, mtu mzima mwenye masharubu, alipiga yowe akakimbia mpaka kwenye baiskeli yake.

Tulimrudisha. Tulimweleza. Hakuamini, alisema mzee huyu amejitungia hadithi ya vyungu. Owori naye hakujua aamini nini. Ndipo Min Owori alipopangusa machozi kwa kiganja, akasahau ile samli, na uso wake wote ukang'aa.

"Wewe kaka," akamwambia Wandera, "hiyo hoteli yenye Nafula hapana vimba. Iko wapi?"

"Busia. Kwa nini?"

"Nipeleke."

"Mama," Owori akasema, "ni hoteli."

"Mimi nasikia. Nipeleke."

Alinawa kwa majivu mpaka ngozi ikabaki nyeupe, akavaa gauni la kanisani, akapanda nyuma ya baiskeli ya mtu aliyekuwa amemwita mchawi. Mimi nikapanda ya Owori. Kwa Bi Zaituni palikuwa pamejaa madereva wa lori la pamba. Walipoona kikongwe wa kijijini akiingia na rozari shingoni, wakanyamaza mmoja mmoja. Bi Zaituni alinyanyua pazia atupitishe nyuma. Min Owori hakulitazama pazia. Alikwenda moja kwa moja motoni.

"Nionyeshe chungu."

"Ni sufuria, dada yangu," akasema Bi Zaituni, akaiinamisha.

Min Owori aliingiza kichwa chote ndani. Alinusa. Akapitisha kidole kwenye ukuta wa sufuria, akakilamba, akangoja. Hoteli nzima ilingoja naye. Kidole hakikuwa na ladha ya kitu chochote, na niliona jambo hilo likimuumiza na kumponya kwa wakati mmoja.

"Hii hapana kula kitu," akasema.

"Haijawahi."

"Mimi nataka kama hii. Ya jiko ya mtoto yangu."

Wandera, karibu na mlango, alivua kofia yake.

Kisha Min Owori, ambaye angekufa kwa aibu kusikia tu kwamba mkwe wake ameonekana hotelini, alivuta benchi la mbele, pale barabara nzima inapoona, akaketi. Akanipigia benchi kwa kiganja nikae kando yake. Wanaume walisogea kutupisha, na safari hii haikuwa kwa kuogopa uso wangu. Bi Zaituni alileta turungi na sahani ya muhogo na kashata za simsim. Min Owori alionja ile chai nyeusi, uso ukamkunjamana.

"Hii ni maji ya kuosha miguu," akasema.

Akainywa yote mpaka chini, akaweka kikombe mezani kwa kishindo.

"Leta ingine," akasema, akinishika bega. "Na ya mwenye jiko."